Oili ya lori ikimeta: kusoma vyuma kabla ya kushusha injini

Kijana wangu alikuwa amelala chini ya lori, mgongo juu ya katoni, akisubiri oili imalize kutiririka kwenye beseni. Lori liliingia gereji kwetu Tabata alfajiri, limetoka Tunduma, na kesho yake lilitakiwa likapakie bandarini. Dereva alikuwa ametaja jambo moja tu, kwamba geji ya presha ya oili inashuka akiwa kwenye foleni. Kabla beseni halijajaa kijana akaniita. "Fundi, hebu njoo uone. Hii oili inameta."

Nikachuchumaa. Jua lilikuwa limeshaanza kupiga, na juu ya ule weusi kulikuwa na kitu kama vumbi la rangi ya fedha, likizunguka taratibu kila beseni lilipotikiswa. Nikachovya kidole na kukisugua na gumba. Masizi ya dizeli hayakwaruzi. Vumbi hili lilikuwa linakwaruza kwa mbali, kama chai iliyoingia mchanga. Nikampigia simu mwenye gari, naye akajibu kama wanavyojibu wengi: "Fundi, mwaga, weka mpya, badilisha filta, gari ikapakie. Tutaangalia ikirudi."

Namwelewa. Lori lililosimama halilipi mkopo, na mzigo ukichelewa kutoka bandarini gharama zinaanza kuhesabiwa kwa siku. Lakini oili mpya haitibu kitu kinacholika ndani. Inafuta tu alama zake. Upande wa pili wapo mafundi wenzangu ambao wakiona mng'ao wowote wanatangaza kwamba injini imenoki, ishushwe. Wote wawili wameruka hatua moja. Hawajauliza chuma kile ni cha aina gani, kina umbo gani, na ndani ya injini kinapatikana wapi. Maswali hayo yana majibu, na mengi yake hupatikana kwa sumaku, kisu na muda usiozidi saa moja.

Kwanza ukubwa, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Chembe za chuma hupimwa kwa mikroni. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa takriban mikroni 70. Jicho zima, kwenye mwanga mzuri, huishia kwenye mikroni kama 40. Injini yenye afya hutoa chembe ndogo kuliko hapo kila siku, kwa sababu ringi za pistoni zinasuguana na slivu, yaani ukuta wa silinda, na meno ya gia yanasagana, na hakuna oili inayozuia hilo kabisa. Ndiyo maana ukichomoa nati yenye sumaku ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, utakuta ute mweusi mwororo umeganda kwenye ncha yake. Ukiupaka kwenye karatasi unaacha doa la kijivu bila punje. Huo ni uchakavu wa kawaida, na kwenye injini mpya au iliyotoka ovaholi huwa mwingi zaidi kwa kilomita elfu chache za mwanzo kabla haujapungua. Usimtoze mtu ovaholi kwa ajili ya ute huo.

Lakini ukiona kipande kwa macho, kipande kinachometa chenye upande na kona, ujue umeshavuka mstari. Kitu cha kuonekana kwa jicho ni kikubwa mara nyingi kuliko utando wa oili unaozitenganisha beringi na kranki, ule mhimili mkuu wa injini unaozunguka ndani yake. Chenyewe ni dalili, na kikizunguka tena ndani kinakuwa msumeno.

Sasa, beseni si mahali pazuri pa kusomea. Lori kubwa hubeba lita 30 hadi 40 za oili, na vipande vizito hubaki chini ya sampo bila kutoka. Tena beseni la gereji lina mambo yake. Jana lilikinga oili ya gia boksi, juzi ya difu, na kama halikuoshwa unaweza kuilaumu injini kwa meno ya gia yasiyokuwa yake. Nimeliona hilo likitokea, na injini ikashushwa bure. Kwa hiyo osha beseni kwanza. Hilo linasikika dogo, lakini utambuzi wote unaofuata unalitegemea.

Mahali pazuri pa kusomea ni filta. Oili yote inayokwenda kwenye beringi hupitia pale, na karatasi yake hukamata vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 hadi 40 kutegemea filta yenyewe. Yaani filta imekuwa ikikusanya ushahidi kwa kilomita zote tangu oili ya mwisho ibadilishwe, nasi tunaitupa kwenye ndoo ya takataka bila kuifungua.

Kuifungua kuna namna yake. Usitumie msumeno wa chuma wala grinda. Vyote viwili vinamwaga unga wa chuma mpya ndani ya kitu unachokichunguza, na utakaa unajiuliza unga huo ni wa injini au ni wa gereji. Kipo kifaa maalumu cha kukatia filta, kinafanana na kifungulia kopo: gurudumu kali linazungushwa kwenye ukingo wa kopo hadi kifuniko kiachie. Malori mengi ya Ulaya hutumia filta ya karatasi tupu isiyo na kopo, na hapo huhitaji kukata chochote zaidi ya karatasi yenyewe. Acha oili ichuruzike, kisha pitisha kisu juu na chini ya mikunjo uitoe kama ukurasa mrefu. Ibane kwenye jiriwa katikati ya kitambaa safi ili oili itoke. Kisha ifungue mkunjo kwa mkunjo, upande ule oili inapoingilia, ukiwa juani. Jua la Dar saa nne asubuhi linaonyesha kuliko taa yoyote ya gereji.

Vinavyobaki kwenye karatasi, vioshe kwa dizeli safi ndani ya bakuli jeupe la plastiki. Wengine hutumia petroli kwa sababu inakauka haraka. Mimi siitumii, gereji ina cheche kila upande. Na vaa glovu, ndugu yangu. Oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi miaka na miaka inahusishwa na saratani, na mafundi wengi tumeizoea kama losheni.

Baada ya hapo chukua sumaku, ifunge kwenye mfuko wa nailoni na uipitishe ndani ya bakuli. Kinachonasa ni chuma. Ukiuvua mfuko chembe zinaachia zote, huhangaiki kuzikwangua kwenye sumaku. Ziweke pembeni kwenye karatasi nyeupe, na zilizobaki bakulini uziweke kwenye karatasi nyingine. Tayari umeigawa injini mafungu mawili.

Fungu la sumaku ni la kranki, kamshafti, tapeti, slivu, ringi, gia za mbele na gia za pampu ya oili. Fungu lisilonasa ni la alumini, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye pistoni. Shaba, ambayo hutoka kwenye bushi za pini ya pistoni, beringi za turbo au tabaka la ndani la beringi za kranki. Pamoja na risasi na bati, zinazotoka kwenye uso wa beringi hizo. Kuna mtego mmoja mdogo: valvu nyingi za ekzosi hutengenezwa kwa chuma cha aina isiyonasa vizuri kwenye sumaku. Ni nadra kukikuta kwenye oili, ila kipande kigumu, kizito, kisichonasa, ambacho kisu hakikichomi, usikiite alumini kwa haraka.

Rangi inasaidia kwa shaba, hilo halina ubishi. Ni nyekundu au njano hata ikiwa chembe. Kazi iko kwenye vile vya kijivu visivyonasa, maana alumini na risasi ndani ya oili nyeusi zinafanana kama mapacha. Mimi natumia chuma cha mafundi redio, kile cha kuyeyushia risasi. Kikipata moto, kiguse kipande. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi na risasi kwenye 327, hivyo kipande cha uso wa beringi kinalegea na kuwa kitone palepale. Alumini huhitaji nyuzi 660, kwa hiyo inakaa ilivyo. Kama huna chuma hicho, kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni, ikiyeyushwa kwenye maji kidogo, hutoa povu ikigusa alumini. Vaa miwani, maana inachoma jicho vibaya sana. Na kuna kipimo cha kucha: risasi ni laini kiasi kwamba ukiikandamiza juu ya karatasi inatandika na kuacha mstari kama wa penseli.

Umbo nalo linasema. Unga ni msuguano. Magamba bapa, kama ya samaki mdogo, ni chuma kilichochoka: uso umepondwapondwa na mzigo hadi ukaanza kubanduka. Nyuzi zilizojikunja kama maranda ya seremala ni za kukatwa, yaani kitu kigumu, mara nyingi mchanga, kimejikita kwenye sehemu laini na kuichonga sehemu ngumu inayopita mbele yake. Vipande vinene vyenye kingo kali ni vya kitu kilichovunjika, kama jino la gia au ringi. Hapo hakuna cha kujadili, lori halitoki.

Kwenye bakuli letu la asubuhi ile sumaku ilirudi na ute kidogo tu. Vilivyobaki vilikuwa magamba ya kijivu, laini. Nilipoyagusa kwa chuma cha moto yalinywea yakawa vitone. Mawili kati yake yalikuwa na upande mmoja wa kijivu na wa pili wa njano.

Ili uelewe kwa nini yale mawili yalinifanya nimpigie mwenye gari mara ya pili, inabidi uijue beringi ya lori ilivyo. Ukiishika mkononi ni bati lililopinda nusu duara, na kumbe ni tabaka tatu. Mgongo ni chuma. Juu yake kuna tabaka la shaba iliyochanganywa na risasi au bati, ambalo ndilo linalobeba mzigo. Juu kabisa kuna ngozi laini ya risasi na bati, nyembamba mno, mara nyingi mikroni kama 20 hivi, pungufu ya nusu ya unywele. Ngozi hiyo imewekwa laini makusudi. Punje ya uchafu ikipita inazama humo badala ya kuikwaruza kranki. Zipo pia beringi za alumini na bati, hasa kwenye injini ndogo, kwa hiyo angalia ya injini yako imetengenezwaje kabla hujatoa hukumu.

Magamba ya kijivu peke yake yangesema ngozi inaliwa. Upande wa njano ulisema tumeshafika tabaka la pili. Kingefuata nini? Vipande vyenye njano upande mmoja na vinavyonasa kwenye sumaku upande wa pili, yaani mgongo wa beringi. Baada ya hapo beringi inazunguka kwenye kiti chake, kranki inaliwa, konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, inatoka ubavuni mwa bloku. Watu wanaita ghafla, lakini njia ndefu yote hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye filta.

Nikamwambia mwenye gari: "Bosi, hizi ni beringi. Kranki bado sijajua. Gari ikiondoka leo, ikirudi tutazungumza habari ya kranki na bloku." Akanyamaza kidogo. "Haya fundi, fungua. Weka beringi mpya, tuondoke."

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema kwa uzito kuliko mengine yote. Beringi zilizotoa yale magamba zilikuwa zimeuawa. Kuzibadilisha bila kumtafuta aliyeziua ni kupeleka nyingine zikafe. Lori lile lilikuwa na miezi mitatu tu tangu litoke kwenye ovaholi ya gereji nyingine, beringi zote mpya. Beringi za lori zinatakiwa ziende laki kadhaa za kilomita. Za miezi mitatu zikiisha, kosa haliko kwenye beringi.

Nikamrudia dereva, nikamkalisha kwenye benchi na kumuuliza polepole, kwa sababu dereva anajua mambo mengi ambayo hakuna anayemuuliza. Geji kushuka kwenye foleni, injini ikiwa ya moto na mguu hauko kwenye pedali, ni dalili ya beringi zilizolegea: nafasi imekuwa kubwa, oili inavuja pembeni kabla presha haijajengeka. Hilo tulishalijua. Nikamuuliza, mlimani je? Akafikiri. "Kitonga, nikiwa nimekanyaga, sindano inacheza. Inapanda inashuka, kama inatetemeka." Hakuwa amelitaja kwa sababu haikushuka hadi kwenye taa nyekundu.

Sindano inayocheza mwendo ukiwa mkubwa inaelekeza kwingine kabisa. Pampu inataka oili nyingi na haiipati, inafyonza hewa au inafyonza kwa shida. Tuliposhusha sampo, chujio la waya kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea lilikuwa limezibwa karibu nusu na nyuzi nyekundu za mpira. Ile gamu ya gasketi. Fundi wa ovaholi aliipaka kwa wingi, ukingo wa ndani ukajikamua kama dawa ya meno, ukakauka, kisha oili ya moto ikaukata kipande kimoja kimoja. Mstari mwembamba ungetosha. Kwenye viungo vingi tayari kuna gasketi, na gamu haikuhitajika hata kidogo.

Beringi za konrodi zilikuwa kama zilivyotabiriwa. Nusu za juu, zinazopokea kishindo cha pistoni, zilikuwa zimefutika ngozi na shaba inaonekana, karibu sawasawa kwa zote sita. Usawa ule nao ni ushahidi. Beringi moja ikiharibika peke yake unaitilia shaka konrodi yake, tundu lake la oili au ufungaji wake. Zikiharibika zote kwa pamoja, tafuta kosa linalozihusu zote: oili haba, oili iliyozimuliwa na dizeli kutoka kwenye nozeli zinazovuja, maji ya rejeta yaliyoingia, au uchafu. Kranki tuliipima kwa mikromita kila jono, yaani kila shingo inayokaa kwenye beringi, sehemu mbili kila moja. Ilikuwa bado ndani ya kipimo.

Mara nyingine mwenye kosa hayumo hata ndani ya injini. Miaka kadhaa nyuma lori lililokuwa likibeba mchanga huko Mkuranga lilikuja na filta yenye maranda mazuri ya chuma pamoja na chembe za alumini, na linakunywa oili. Kila mtu alisema ringi. Ni kweli ringi zilikuwa zimeisha. Ila hozi inayotoka filta ya hewa kwenda turbo ilikuwa imepasuka upande wa chini usioonekana, na mtu aliifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Vumbi la njia ya mchanga lina kwazi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha slivu. Inaingia na hewa, inapita kati ya ringi na slivu, inachonga, inashuka kwenye oili, inaanza na beringi. Ringi mpya zingepata miezi michache tu. Hozi ile ilikuwa kazi ya nusu siku, pamoja na kwenda na kurudi kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani kuitafuta.

Na kabla hujaihukumu injini yoyote ya lori, ikumbuke kompresa ya upepo wa breki. Kwenye malori mengi inalainishwa na oili ile ile ya injini na inarudisha uchafu wake kwenye sampo ile ile. Ina kranki yake, pistoni yake, ringi zake. Kompresa inayokufa inaweza kuijaza filta chuma na alumini wakati injini yenyewe ni nzima. Fungua matangi ya upepo. Yakitema oili, na upepo unachelewa kujaa, ichunguze kwanza. Shika pia shafti ya turbo uitikise. Vyote viwili hufunguliwa bila kugusa sampo, na bei yake haifanani hata kidogo na ya ovaholi.

Kuhusu maabara. Wapo wamiliki wanaopeleka sampuli ya oili ikapimwe, na Dar huduma hiyo inapatikana. Ni kipimo chenye historia ndefu. Makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa yakikitumia kwa vichwa vya treni vya dizeli tangu miaka ya 1940. Mashine huchoma oili na kusoma mwanga wa kila metali, kisha inatoa hesabu kwa sehemu kwa milioni: chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, risasi, kromu, alumini. Sodiamu na potasiamu zikipanda, fikiria kulanti, yaani maji ya rejeta, inaingia kwenye oili. Silikoni, ambayo imo kwenye mchanga, ikipanda pamoja na chuma, alumini na kromu, ni vumbi, hadithi ya Mkuranga neno kwa neno. Silikoni ikipanda peke yake punde baada ya ovaholi, huenda ni gamu ya gasketi tu inayeyushia chembe zake kwenye oili. Shaba ikipanda peke yake, bila risasi wala bati, huenda inatoka kwenye kipozeo cha oili ambacho bado kipya, na haina madhara. Ikipanda na risasi, ni beringi.

Ila mashine hiyo ina upofu ambao watu hawaambiwi. Inasoma vizuri chembe ndogo, zisizozidi mikroni 5 hadi 10 hivi. Kubwa zaidi haziungui kikamilifu, hazihesabiwi. Kwa hiyo injini inayobandua magamba inaweza kupata ripoti nzuri kabisa wakati filta yake imejaa vyuma. Maabara inaona uchakavu unaotambaa, filta inaona kifo kinachokuja, na ukiwa na uwezo tumia vyote. Ukichukua sampuli, ichukue oili ikiwa ya moto, na usikinge matone ya kwanza wala ya mwisho. Ya kwanza yanabeba tope lililokaa chini. Andika kilomita za gari na kilomita za oili. Hesabu moja peke yake haisemi mengi. Tatu zilizofuatana, za lori hilohilo, zinaonyesha mstari unapanda au umetulia.

Basi lori litoke au lisitoke? Ute kwenye sumaku, karatasi ya filta safi, presha ya kawaida: liende. Chembe chache za kuhesabika, presha nzuri, hakuna mlio: badilisha oili na filta, lipe mzunguko mfupi kama wa Chalinze na kurudi mara kadhaa, usilitume Lubumbashi, kisha kata filta tena baada ya kilomita mia tano hadi elfu moja. Zikiwa zimepungua, endelea. Magamba ya beringi, vipande vyenye kona, au mng'ao wowote unaoambatana na presha iliyoshuka au mlio mzito wa kugonga kutoka chini: zima, na usiiwashe tena hata kwa kuonyeshana. Kila mzunguko wa kranki ni fedha inaondoka.

Bado kuna kazi moja ambayo ikirukwa mengine yote yanapotea, nayo ni kusafisha. Chuma kilichopita hakikai kwenye sampo peke yake. Filta ikiziba, valvu yake ya dharura hufunguka ili injini isikose oili, na tangu dakika hiyo oili inazunguka bila kuchujwa. Vyuma vinajificha kwenye kipozeo cha oili, kwenye njia kuu ndani ya bloku, kwenye vinyunyizio vya kupoza pistoni, kwenye bomba la turbo. Kipozeo ndicho kibaya zaidi. Ndani yake kuna vijia vyembamba vingi, na kukipuliza kwa upepo hakutoshi. Kama uharibifu ulikuwa mkubwa, nunua kingine. Plagi za njia kuu zifunguliwe, brashi ndefu ipite, na tundu za kranki zisafishwe moja moja. Vifuniko vya konrodi virudi kila kimoja kwenye konrodi yake kwa namba yake, havibadilishani.

Kwenye lori letu, tulipokigeuza kipozeo na kukisukutua kwa dizeli, yalitoka magamba mengi kuliko yaliyokuwa kwenye filta. Mwenye gari alikuwa amekuja mwenyewe siku hiyo, ameinama juu ya bakuli na shati lake jeupe, akauliza haya nayo yangekwenda wapi. Nikamwonyesha kwa kidole njia ya oili kutoka kipozeo hadi beringi mpya alizozinunua jana yake. Akaagiza kipozeo kingine.

Liliondoka siku ya tano. Tulikubaliana lisivuke Mbeya safari ile ya kwanza, na liliporudi tukakata filta tena palepale juani, yeye akiwepo. Kwenye mikunjo yote tulikuta chembe mbili za njano, ndogo, na uzi mmoja mfupi wa gamu nyekundu uliokuwa umetuponyoka. Kijana akaziosha, akaandika kilomita kwenye daftari, akaibandika karatasi ya filta ukutani pembeni ya ile ya kwanza, kwa ajili ya kulinganisha wakati wa oili ijayo.